Taa za Kwenda Ntoto

Masisi-Centre, 12 Machi 2017

Dada yangu mpendwa Kavira,

Ninakusalimu wewe, bwana yako Kataliko, watoto, na wote wanaoingia dukani kwako wakiuliza kama sisi wa Masisi tungali hai. Tuko. Mke wangu Béata sasa anatembea na fimbo mpaka jikoni na kurudi. Mfupa wa kiuno uliovunjika umeshikamana lakini haukunjiki vizuri, na daktari amemkataza kabisa kupanda pikipiki. Binti yetu Kétsia ameanza tena masomo, ingawa darasa lao la nne wanafunzi wamepungua, wengine wako kambini Lushebere na wengine hatujui. Antena ya simu haijatengenezwa tangu ilipoungua. Kwa hiyo naandika, na barua hii inakuja na dereva wa lori la mbao.

Asante kwa kumzika mwanangu Guylain. Nilikwisha kukushukuru mbele ya watu, lakini nataka uwe nayo pia kwa maandishi.

Floribert, aliyekuwa naye safarini, aliileta Land Rover ya baba wiki ya kwanza ya Februari, sehemu kubwa ya njia ikivutwa na lori. Nimeiegesha nyuma ya nyumba na kuifunika kwa hema la plastiki. Yeye ndiye aliyenieleza mambo yalivyokwenda. Ukungu ulikuwa mzito mchana kutwa, Guylain akawasha taa tangu asubuhi. Kwenye kizuizi, wenye silaha wakamwamuru azime moteri. Walipomruhusu kuondoka, batri ilikuwa imekufa. Manivela, ule mkono wa chuma wa kuzungushia moteri, ilikuwa imeibwa zamani. Akashuka kusukuma na abiria mahali penye mteremko, akateleza, gari likamrudia. Floribert aliishia hapo, na mimi sikumsukuma aendelee.

Sasa jambo langu. Januari ijayo mwaka utatimia. Unajua desturi aliyotuachia baba: matanga hayaondolewi mpaka mzazi aweke jiwe kwa mkono wake mwenyewe. Tuko wazazi wawili. Béata hawezi pikipiki, na hakuna dereva anayekubali kutupeleka Ntoto kaburini. Tutakwenda na gari hili hili.

Lakini halitakwenda na taa zile. Dinamo yake ni ya 1964, inatoa umeme wa kutosha gari linapokimbia tu, na kwenye njia ya Ntoto hakuna gari linalokimbia. Unashinda kutwa katika vitesi ya kwanza, gia ya chini kabisa, taa zinakula batri na hairudishiwi kitu. Vijana hapa wana taa za LED kwenye pikipiki zao. Zinamulika mbali na umeme zinaula kwa ncha ya ulimi. Nilimtuma mtu Goma, akaniletea za pikipiki, akasema taa ni taa. Wewe unauza vipuri, unajua taa za duara za gari la baba. Nitafutie mbili za mbele na mbili za nyuma.

Kaka yako,
Omer

Walikale-Centre, 20 Mei 2017

Kaka Omer,

Nakuamkia kwa heshima, na Mama Béata pia. Barua yako ilifika imelowa pembe moja lakini yote yalisomeka. Kataliko anapona malaria. Mtoto wetu wa mwisho ameanza kusema, na neno lake la kwanza ni "hakuna", kwa sababu ndilo analolisikia dukani kutwa. Mteja akiuliza chujio, namwambia hakuna. Akiuliza mkanda wa moteri, hakuna. Yeye anaitika kutoka chini ya meza. Watu wanacheka. Niliona vizuri wewe na Mama Béata mcheke kidogo.

Kuhusu taa, bado sijapata zinazofaa.

Kaka, niruhusu niseme. Uza lile gari. Lina miaka zaidi ya yangu, na barabara haijawahi kuwa mbaya kama sasa. Kaburi liko salama. Liko uani kwa Mama Colette, pale kijijini Ntoto, anapalilia mwenyewe na amepanda maua mekundu kuzunguka. Kama ni jiwe, nipe ruhusa, mimi nitaliweka kwa niaba yenu. Mungu anajua nani ni mzazi.

Mbuzi mmoja amezaa mapacha. Nawatumia chumvi na sabuni kwa mchukuzi wa barua.

Mdogo wako,
Kavira

Masisi-Centre, 18 Juni 2017

Dada Kavira,

Chumvi imefika, sabuni imefika, na lile "hakuna" la mtoto limefika pia. Béata alicheka. Alicheka kweli, akaushika upande wa kiuno akasema inauma. Kwa hiyo umefanya kazi kubwa kuliko unavyodhani.

Sitauza. Siandiki kwa hasira. Nimeliosha gari lote, nimetoa majani chini ya kiti, na nimesafisha vioo vya taa kwa majivu kama alivyokuwa akifanya Guylain. Alikuwa anachukua majivu ya kuni za mkaratusi tu, anasema ya makaa yanakwaruza. Sijui alilitoa wapi hilo. Nimefuata.

Jana alipita Gakwaya, yule mfugaji ambaye Guylain alikuwa anamchukulia maziwa. Ng'ombe wake wamebaki wachache, ila mdomo haujapungua. Akazunguka gari, akasema, "Papa Omer, hii gari iko muzee kuliko sisi wote. Sasa njo unataka kuivalisha miwani mupya?"

Nikamwambia, "Muzee bila miwani anaanguka kwa shimo."

"Na muzee wa kuendesha je? Yeye macho yake iko LED?"

"Macho yangu inaona wewe hujalipa ile sukari nilikukopesha," nikamjibu, akaenda zake akicheka, kisha akarudi kutoka kwenye lango. Akasema siku tukiondoka atakuja na vijana wake kutuvusha kwenye matope mpaka Nyabiondo. Akasema Guylain hakumwaga maziwa yake hata siku moja. Hilo alilisema bila kucheka.

Sasa swali langu, na nakuomba ulijibu. Floribert anasema mahali pa ajali ni mbali na Ntoto, mwendo mrefu kwa miguu. Wewe unasema kaburi liko uani kwa Mama Colette, kijijini. Kwa nini alizikwa huko, si pale alipofia?

Taa nazisubiri.

Omer

Walikale-Centre, 30 Agosti 2017

Kaka Omer,

Salamu nyingi. Sote wazima. Samahani kwa kukawia, barabara ilifungwa, ikafunguliwa, ikafungwa tena.

Nakutumia taa nne za LED, mbili za mbele za duara na mbili ndogo za nyuma. Zimefungwa ndani ya fulana ya Kataliko zisivunjike. Fulana ni yako. Usisahau kumpa fundi boksi lenyewe, lina mchoro.

Mwombee shemeji yako, kifua kinamsumbua.

Kavira

Masisi-Centre, 17 Septemba 2017

Dada Kavira,

Tumefurahi kusikia mko wazima, na kifua cha Kataliko tunakiombea kila jioni. Fulana nimeivaa ninapoandika. Boksi nalo nimelipokea. Lilikuwa na vumbi jekundu la rafu ya duka lako, vumbi la miezi, na juu yake alama za vidole vilivyolishika na kulirudisha. Sikuulizi kitu juu ya hilo.

Haziwaki.

Alikuja Kanamugire, fundi wa hapa, mtu wa maneno mengi na mikono mizuri. Akafunga ya kulia: giza. Ya kushoto: giza. Za nyuma: giza. Akarudisha zile za zamani: zikawaka. Akapima waya: umeme upo. Akakaa juu ya tairi, akawasha sigara.

"Papa Omer, dada yako alikutumia taa za Noeli. Hii ni ya kupamba muti."

"Dada yangu hauzi takataka."

"Basi gari njo inazikataa. Muzee anakataa miwani."

Kumbe Gakwaya amekwisha kumpa ule mzaha, mji mzima wanautumia sasa. Tukazipeleka kwenye pikipiki ya jirani, tukagusisha waya mbili. Ilikuwa kama jua limeangushwa uani, kuku wakakimbia. Basi taa ni nzima. Kanamugire akagusisha tena kwenye gari: giza. Alitukana kwa lugha tatu.

Tangu hapo Béata amekaa mlangoni anatazama hema la plastiki. Nilimwambia tutapata njia. Akanijibu, "Mimi nitaenda hata nikibebwa kama gunia." Dada, huyo hatanii. Anafanya mazoezi ya kukaa kwenye kiti kigumu, asubuhi mpaka saa sita, ili kiuno kizoee.

Kama unajua kitu juu ya taa hizi, niambie. Na lile swali langu bado liko.

Omer

Walikale-Centre, 15 Oktoba 2017

Kaka yangu Omer,

Mungu awape nguvu huko. Kataliko amepona, anafungua duka yeye mwenyewe sasa. Kétsia nimemnunulia viatu vya shule, atavipata kwa mchukuzi huyu huyu. Kama havimtoshi, asikubali kuteseka navyo, avirudishe.

Nimesoma barua yako mara nyingi. Sijapata kuliandika jina la Guylain tangu Januari. Umeliona hilo, najua, maana wewe huwa unaona. Leo naliandika kwa sababu yeye ndiye mwenye jibu.

Unaikumbuka redio yake? Alipokuja kwangu mara ya mwisho kukaa, alinunua redio ya gari hapa sokoni. Shemeji yako akamwambia aifunge kwa skrubu kwenye chuma kama watu wote. Guylain akakataa. Alikata mpira wa tairi la ndani la baiskeli, akaivika redio nzima kama mtoto anavyovikwa sweta, akavuta waya mbili mpaka kwenye batri. Mimi nilikuwa napepeta mchele mlangoni. Nikamwambia, "Weye, hiyo redio inasikia baridi?"

Akacheka. Akaniambia, "Shangazi, gari ya babu inatembea kinyume. Gari zote za leo, waya ya kistari, ile ya kutoa, njo inafungwa kwa mwili wa gari. Hii ya babu, waya ya musalaba, ile ya kujumlisha, njo imefungwa kwa mwili. Redio ikigusa chuma tu, imekufa."

Nikamuuliza kwa nini asigeuze batri basi, mambo yawe kama ya wengine.

"Kugeuza batri haitoshi, shangazi. Dinamo inakumbuka njia yake ya zamani. Lazima uifundishe. Unachukua waya kwa batri, unaigusisha kwa ule mudomo mudogo wa dinamo, mara moja tu, cheche inatoka, njo inakubali. Ila papa hatakubali. Atasema gari ya babu haiguswi."

Haya ndiyo maneno yake, kadiri ninavyoyashika. Alikuwa anakula muwa anaposema, maganda akiyatupia kuku wangu. Zile taa za zamani hazijali upande. LED inajali, inapokea umeme kutoka upande mmoja tu. Sikulifikiria nilipozifunga. Hapa kwetu gari zote ni za Japani, hakuna anayeuliza tena waya gani iko kwenye mwili.

Kwa hiyo, kaka, kama utakubali gari la baba liguswe, mwambie Kanamugire ageuze batri, abadilishe waya mbili za ile saa ya kupima umeme iliyo mbele ya dereva, kisha aifundishe dinamo.

Lile swali lako nimelisikia.

Kavira

Masisi-Centre, 26 Novemba 2017

Dada Kavira,

Kwanza viatu. Vimemtosha Kétsia mpaka amelala navyo. Béata anakusalimu kwa mkono wake; hayo maandishi makubwa chini ya karatasi ni yeye, nilimpa kalamu.

Guylain alisema kweli. Ningesema haiguswi. Baba alilinunua gari lile kwa mzungu wa shamba la kwinini, na tulikua tukiambiwa kila skrubu ina mahali pake. Nilikaa na barua yako siku mbili tatu. Halafu nikamwita Kanamugire.

Alisoma mwenyewe ile sehemu ya dinamo, akaisoma tena, akakunja karatasi kwa adabu na kunirudishia. "Huyu mutoto alikuwa anasoma wapi?" Nikamwambia, kwako wewe, alikuwa anakaa hapo kwenye tairi akikuangalia. Akachukua spana. Kazi aliyoifanya baadaye karibu yote aliifanya bila maneno, na wewe humjui Kanamugire, hujui hilo lina maana gani.

Tuligeuza batri. Vile vichwa viwili havilingani unene, hivyo kibano kimoja tulikipanua kwa tupa, na kingine tukakijaza kipande cha kopo la sardini ili kibane. Tulibadilisha waya za saa ya umeme. Kisha ikabaki dinamo. Kanamugire akanipa waya. "Weye njo mwenye gari." Nikaugusisha. Cheche ilikuwa ndogo, kama ya kiberiti kilicholowa.

Tukawasha taa.

Dada, sitakueleza sana. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye mabati, na ule mwanga ukaenda ndani yake moja kwa moja, mweupe, mpaka kwenye lango la parokia. Kanamugire aliuliza za pembeni, zile za kuonyesha unakata kona, kama tutazibadilisha nazo. Nikamwambia huko niendako sioni nani nitamwonyesha, labda ng'ombe wa Gakwaya.

Jumapili niliijaribu. Nikaegesha mbele ya kanisa, nikazima moteri, nikaacha taa zote zinawaka, tukaingia misani. Padri alihubiri kirefu, Mungu ambariki. Béata hakuangalia altare hata kidogo, alikuwa anaangalia dirisha. Tulipotoka, watu walikuwa wamezunguka gari, wakinionea huruma: "Papa Omer, umesahau taa!" Nikapanda, nikageuza ufunguo. Moteri ikaitika mara ya kwanza. Béata akapiga bati la mlango kwa fimbo yake kama anayepiga ngoma.

Mhunzi wa Lushebere ametutengenezea manivela pia, nimeifunga kwa mnyororo chini ya kiti. Jiwe liko tayari. Tutaondoka katikati ya Januari. Njoo Ntoto tuonane huko.

Omer

Walikale-Centre, 28 Desemba 2017

Kaka Omer,

Noeli ilipita kimya. Tulisali, tukala, tukafunga mlango mapema. Kataliko na watoto wanawatakia mwaka mwema. Maandishi ya Mama Béata nimeyabandika ukutani dukani, juu ya mafuta ya breki.

Wamepigana tena kati ya hapa na Ntoto. Waendesha pikipiki wanarudia njiani. Nitajaribu kufika, lakini usinisubiri.

Uliniuliza mwaka huu wote, na mimi nikawa kama mtoto wangu chini ya meza. Sasa unakuja na Mama Béata, na Mama Colette hawezi kumtazama mama machoni akamficha. Basi sikiliza. Guylain hakufia pale mteremkoni. Walimbeba mpaka kwa Mama Colette, na alikaa mpaka asubuhi. Mimi nilifika amekwisha kwenda. Lakini aliacha neno kwa Mama Colette, na neno lenyewe ni katazo: mama yake asiambiwe kwamba aliumia. Mama Colette alimwahidi, na mimi nikaibeba ahadi yake. Ndiyo sababu nilisema uza gari, ndiyo sababu lile boksi lilikaa kwenye rafu. Sikuwa nakataa kuwaona. Nilikuwa namtii mtoto.

Sasa uamuzi ni wako. Unaweza kumwacha Mama Béata Masisi, ukaenda peke yako. Au umlete. Siwezi kukushauri.

Kavira

Ntoto, 19 Januari 2018

Dada yangu Kavira,

Naandika nikiwa nimekaa uani kwa Mama Colette, kwenye gogo, karatasi iko juu ya goti. Tunakusalimu sote. Tulifika jana. Tumeambiwa njia ya kwenu imefungwa kabisa, na kijana atakayejaribu kupita kwa miguu ndiye anayesubiri barua hii, kwa hiyo itakuwa na mwandiko mbaya.

Gakwaya na vijana wake walituvusha mpaka Nyabiondo kama alivyoahidi. Baada ya hapo tulikuwa peke yetu, Béata, mimi na jiwe. Taa ziliwaka tangu tunaondoka. Kwenye vizuizi waliniamuru kuzima moteri, nikazima, wakapekua, wakauliza jiwe ni la nini. Béata akawajibu mwenyewe: "Ni la mutoto wangu. Unataka kulibeba?" Hawakutaka. Na kila nilipogeuza ufunguo, moteri iliitika. Ile manivela hatukuigusa. Tulipita ule mteremko. Niliujua kwa jinsi Béata alivyonishika mkono, ingawa hakuna aliyemwonyesha. Hatukusimama.

Barua yako ya Desemba niliipata siku mbili kabla ya safari. Sikumwambia kitu njia nzima. Nilifikiri nitamwomba Mama Colette anyamaze. Lakini tulipofika, Béata alishuka kwa fimbo, akaenda kwenye maua, akasimama sana. Kisha akamgeukia Mama Colette kabla mimi sijafungua kinywa.

"Mama, alikaa kwako saa ngapi?"

Mama Colette aliniangalia mimi. Nikaangalia chini. Akasema, "Mpaka asubuhi."

"Aliumia?"

Mama Colette akaanza kulia. Akasema, "Alinikataza kukuambia."

Dada, nilikuwa nimejiandaa kumshika asianguke. Hakuanguka. Béata alitikisa kichwa, polepole, kama alivyokuwa akifanya zamani, kila Guylain aliporudi na shati limechanika na kusema ni mbwa.

"Huyu mutoto," akasema. "Hata kufa alitaka kunidanganya. Mimi nilimuzaa kwa uchungu wa siku mbili. Alifikiri nani alinifundisha kuumia?"

Halafu akakaa chini, udongoni, kiuno kile kisichokunjika sijui alikikunja vipi, akaomba aelezwe usiku wote tangu mwanzo, bila kurukwa kitu. Mama Colette akamweleza. Alimpa maji, alimwimbia, alimshika miguu iliyokuwa baridi. Béata alisikiliza mpaka mwisho, kisha akambusu ile mikono.

Leo asubuhi tumeweka jiwe, yeye upande mmoja, mimi upande mwingine. Matanga yameondoka. Mahali pako tuliacha wazi, Mama Colette akasimama hapo.

Kijana anaita. Tukifika Masisi salama nitaandika, na kama barua ikichelewa usiwe na hofu, ni barabara tu. Mtakaposali kwenu Jumapili, ututaje kwa majina, Béata na mimi. Utukumbuke.

Kaka yako,
Omer